Jibu Ndiyo kwa Kila Swali

Kwenye ukuta wa karakana yangu nimebandika karatasi yenye sheria moja, iliyoandikwa kwa kalamu nene: NAKALA KWANZA, MATENGENEZO BAADAYE. Wateja huisoma wakisubiri, na wengine huniuliza maana yake. Nawaeleza kwamba diski ya kompyuta ikianza kuumwa, hukimbilii kuitibu. Kwanza unanakili kila kilichomo, hata ikichukua wiki nzima, halafu unaitibu ile nakala, na diski yenyewe unaiacha ipumzike. Nimewaambia hivyo watu wengi, tena kwa dharau kidogo, maana mimi nikijua kitu siwezi kukisema kwa upole. Kwa hiyo wacha nikiri mapema: siku ilipoanza kuumwa diski iliyobeba uhai wa dada yangu, sheria hiyo niliivunja mimi mwenyewe, kwa simu, nikiwa nimepiga magoti chini ya meza ya watu nikitafuta waya.

Dada yangu ni fundi cherehani. Amenizidi miaka kumi na mmoja, na mama yetu alipofariki yeye ndiye aliyenilea, kwa hiyo ni dada kwa jina tu. Sare zangu za shule alizishona kwa vitambaa vilivyobaki vya wateja. Darasa la tano lote nililimaliza na sketi yenye bluu mbili zisizopatana, na aliyenicheka nilimpiga. Mwaka huu alianza kukohoa. Alisema ni vumbi la vitambaa, na kweli ukiingia chumbani kwake unaliona likielea kwenye mwanga wa dirishani. Mimi sikuridhika. Nilimsumbua mpaka akakubali kwenda hospitali kuu, wakampiga picha ya kifua, kisha wakamlaza ndani ya ile mashine kubwa ya duara, na Jumatatu moja daktari wa kifua akatuita wote wawili.

Daktari alikuwa mtu wa sauti ya chini na kucha safi mno. Alituonyesha doa kwenye pafu la kushoto, dogo, la mviringo, na akasema angependa kulikata na kulitoa. Alikuwa ameshapanga siku, Jumatano ya wiki iliyofuata. Dada aliliangalia doa lile kama anavyoangalia kitambaa alicholetewa na mteja asiyemwamini. Kisha akasema hilo si geni, lilikuwepo zamani. Miaka sita nyuma alikuwa anaomba kazi kwenye kiwanda cha sare, wakamtaka apimwe kifua, akapimwa kwenye zahanati moja ndogo nyuma ya soko, na mpiga eksirei wa pale alimwambia kwa mdomo wake kwamba kuna alama upande wa kushoto.

Daktari aliweka kalamu mezani.

"Sikiliza, mama. Kama lilikuwepo miaka sita iliyopita na halijabadilika, hilo ni kovu, na sina sababu ya kukukata. Kama halikuwepo, ni jipya, na jipya mimi silisubirishi hata wiki. Nileteeni hiyo picha. Mkiikosa, bado ushauri wangu ni Jumatano."

Aliongeza kwamba yeye ana wasiwasi. Zahanati ingeona kitu kifuani ingekiandika kwenye cheti, na kiwanda kisingemwajiri mtu wa namna hiyo, na dada walimwajiri. Lakini cheti kilibaki kiwandani, na kiwanda kilishafungwa, mashine zikauzwa na makaratasi yakaenda yalikokwenda.

Tulipotoka nje dada alisimama kwenye ngazi akapumua.

"Nimekata nguo za watu miaka thelathini," akasema. "Kitambaa ukishakikata, kimekatika. Mimi sikatwi kwa kubahatisha."

Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Mama yetu aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake, na wanawe hatukumwona tena akiwa amefumbua macho. Dada wakati ule alikuwa na miaka kumi na tisa na ndiye aliyekuwa amekaa nje ya mlango. Nilijua anaogopa, na mimi niliogopa kwa sababu yake na kwa sababu yangu pia. Nikamshika mkono nikamwambia picha ipo. Kompyuta hazitupi kitu, nikasema, watu ndio hutupa. Nitaitafuta. Tusubiri kidogo. Neno hilo la kusubiri lilitoka kinywani mwangu.

Ile zahanati ina vyumba viwili, korido na benchi. Mpiga eksirei wa siku hizi anaitwa Taratibu na kila mtu, wagonjwa na mwajiri wake pia, maana hata kalamu akiiokota huiokota kwa awamu. Aliyekuwepo miaka sita iliyopita alishahama, na namba yake ya simu ilikuwa haipatikani. Picha za zamani zilikuwa ndani ya kompyuta moja ya kijivu chini ya meza, imefunikwa kitambaa, haijawashwa tangu waletewe mpya. Niliuliza nakala iko wapi. Taratibu akaniuliza nakala ipi. Watu wanaowapima wenzao kila siku, chombo chao wenyewe hakijawahi kupimwa hata mara moja. Waliosema mganga hajigangi hawakukosea.

Nilimwambia asiiguse mpaka nitakapokuja Alhamisi saa tisa alasiri. Yeye, kwa kutaka kunisaidia, aliiwasha Alhamisi saa tano asubuhi. Mimi nilikuwa kwenye shule moja, chini ya meza ya mhasibu, nikifuatilia waya wa printa. Simu ikalia. Taratibu akaniambia, neno moja moja, kwamba mashine imewaka nusu halafu ikasimama, skrini ni nyeusi na maandishi meupe, na inasema diski ina makosa na inataka mtu aikague kwa mkono.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Kwenye mashine za aina ile kuna amri ya kukagua diski, herufi nne unaandika kwa kibodi: fsck. Jina hilo halitamkiki, kwa hiyo mimi huiita Fisi, na inamstahili. Fisi anapita kwenye diski yote akilinganisha orodha na vitu vyenyewe, kama mtu anayekagua ghala na daftari mkononi. Akikuta faili lisiloeleweka liko wapi, au sehemu inayodaiwa na mafaili mawili, anasimama na kuuliza: nifute? nirekebishe? Wewe unajibu ndiyo au hapana, anaendelea. Kwenye diski yenye afya iliyozimwa tu vibaya, ukimjibu ndiyo kila mara anasafisha vizuri na mambo yanakwisha. Kwenye diski inayokufa, kila ndiyo unayompa ni ruhusa ya kula.

Haya yote nayajua. Niliyajua na siku ile. Lakini nilikuwa na Jumatano kichwani, na dada aliyekuwa hali vizuri tangu Jumatatu, na nilitaka picha ile siku ileile. Sikuuliza diski inatoa sauti gani. Nilimtajia herufi moja moja za amri, akaziandika.

"Inauliza swali," akasema. "Nijibu nini?"

"Ndiyo."

"Imeuliza lingine. Yanaonekana ni mengi, fundi."

"Jibu ndiyo kwa kila swali. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka ichoke yenyewe. Ikimaliza izime, na usinipigie tena."

Akaanza kuniambia kwamba haraka haraka haina baraka. Nikamkatia simu.

Nilifika saa tisa kasoro. Nilipoiwasha mashine niliisikia kabla sijaiona: tk, tk, kimya, tk. Fundi yeyote anaijua sauti hiyo, ni mkono wa ndani ya diski unaojaribu kusoma mahali na kushindwa, unarudi nyuma, unajaribu tena. Nikachomeka flash yangu, nikaiwasha mashine kutoka hapo badala ya kwenye diski, nikaandika amri nyingine, ile inayoiuliza diski yenyewe habari za afya yake. Ilijibu kwamba ina sehemu mbovu zaidi ya elfu nne. Nikarudia baada ya dakika mbili, zikawa zimeongezeka.

Nilimuuliza Taratibu alijibu ndiyo mara ngapi. Alisema hakuhesabu, labda mia mbili, kidole kilimuuma. Mia mbili. Nilikuwa nimemfungulia Fisi mlango, nikamwita kwa jina, nikamwambia kula mpaka ushibe, na ndani mle mlikuwa na picha ya dada yangu. Nilifungua skrubu nne, nikaitoa diski, nikaifunga kwenye kile kitambaa kilichokuwa kimeifunika kompyuta na kuondoka nayo. Aliniuliza kama amekosea mahali. Nikasema hapana, na hilo angalau nililisema kwa upole.

Karakanani niliiweka diski mezani, nikaielekezea feni, nikaanzisha programu ya kunakili, ile ambayo ningepaswa kuianza kabla ya yote. Inasoma kila kinachosomeka kwanza, inaruka palipooza, halafu inarudi palipooza mara ya pili, ya tatu, ya kumi, ikichota kidogo kidogo. Siku ya kwanza ilifika asilimia sabini na moja. Ijumaa ikafika themanini na nane. Baada ya hapo ikaanza kutambaa. Nilifanya kazi za wateja huku jicho moja liko kwenye ile namba, nikaunganisha waya mbili kinyume na kumuunguzia mwalimu mmoja chaja yake, nikamfokea yeye.

Dada alikuja kila siku mchana na chupa ya chai. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akawa anauliza imefika ngapi, nami namtajia. Alikuwa anakohoa kwa kujizuia, kikohozi cha mtu asiyetaka kusikika. Siku moja alisema diski ile ina bahati, inapepewa na feni kutwa nzima, yeye akiumwa hakuna hata wa kumfungulia dirisha. Nikafungua dirisha. Tukacheka wote.

Sikumwambia habari za mia mbili. Kila alipouliza nilisema inaendelea, na kweli ilikuwa inaendelea, lakini nilichokuwa nanakili huenda kilikuwa ghala tupu, na aliyelimwaga ni mimi. Ningemwambia, pengine angesema basi, tumuache daktari afanye kazi yake. Niliogopa aibu. Nikiipima vizuri, siku zile niliiogopa aibu kuliko nilivyomwogopea dada, na sioni njia ya kuliandika hilo likawa zuri.

Jumanne daktari alipiga simu kuuliza. Dada alinitazama mimi kabla ya kumjibu. Namba mezani ilikuwa asilimia tisini na sita. Nikamwambia bado kidogo, dada. Akamwambia daktari wasogeze mbele. Niliisikia sauti ya daktari ikieleza jambo kwa muda mrefu, na dada akiitikia eeh, eeh, naelewa. Jumatano ikapita kama siku nyingine, yeye akishona mashati ya kwaya fulani na mimi nikisikiliza tk, tk.

Nakala iliisha Jumamosi asubuhi. Vipande vichache sana havikusomeka. Nikaitengenezea nakala hiyo nakala yake, maana sasa nilikuwa nimepata akili, na kwenye hiyo ya pili nikamwita Fisi akiwa amefungwa mdomo. Kuna namna ya kumwamuru aangalie tu, asiguse kitu, maswali yote ajijibu hapana. Nilitegemea akute kimya. Diski iliyojibiwa ndiyo mara mia mbili hubaki imefagiliwa, hata kama vilivyofagiliwa ndivyo ulivyovihitaji. Lakini makosa yalianza kumwagika kwenye skrini, mstari juu ya mstari, faili hili halieleweki, sehemu hii inadaiwa mara mbili. Yalikuwa mamia. Hakuna hata moja lililorekebishwa. Ni kama vile hakuna mtu aliyewahi kulijibu swali lolote.

Nilifunga karakana nikaenda zahanati karibu kwa kukimbia. Taratibu alikuwa anafuta meza ya kupigia picha. Nikamuuliza Alhamisi ile alijibu nini.

"Ndiyo, kama ulivyosema."

"Ulibonyeza nini? Nionyeshe kidole."

Akasogea kwenye kibodi ya kompyuta mpya, taratibu, akatafuta, akaweka kidole juu ya N.

"N," akasema. "N ya ndiyo."

Herufi ya kukubali ni Y, kwa lugha ya wale waliomtengeneza Fisi, na N kwao ni kukataa. Mimi nimeibonyeza Y kwa miaka ishirini bila kuifikiria, na haikunijia kwamba mtu mwenye akili timamu, akiambiwa jibu ndiyo, atatafuta herufi ambayo ndiyo inaanza nayo. Nikamuuliza kama hakuona mashine ikiandika chochote kila alipobonyeza. Akasema aliona. Iliandika no.

"Nikajua ni namba," akasema. "Si kwenye fomu wanaandika No., halafu unajaza? Nikasubiri itaje namba ngapi, haikutaja. Nikasema labda zinajulikana huko ndani."

Nilianza kucheka, nikashindwa kuacha, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa na machozi yananitoka, na mama mmoja aliyekuwa anasubiri zamu yake akaniuliza nani amefariki. Taratibu alisimama na kitambaa chake mkononi akiomba radhi. Nilimkumbatia. Mtu huyo alimkatalia Fisi mara mia mbili, moja moja, bila haraka, na kila kitu kilikuwa bado mahali pake. Mimi ndiye niliyekosea kwa ujuzi, yeye alikosea kwa kunitii, na kosa lake lilikuwa limelifunika langu lote. Kisha akanifungulia daftari la kuandikisha wagonjwa la mwaka ule. Dada yangu alikuwa namba 2217.

Saa saba mchana niliifungua nakala kwa kusoma tu. Zilitokea folda za miaka, ndani yake miezi, ndani yake siku. Nyingine zilikuwa zimevunjika na hazikufunguka. Ya siku ile ilifunguka. Palikuwa na mafaili mawili: 2217-1 na 2217-2. Nilidhani ni picha ileile imehifadhiwa mara mbili, watu wa zahanati hufanya hivyo. Nikafungua la kwanza.

Kushoto kwa mtu huonekana kulia kwenye picha, daktari alikuwa ametueleza hilo. Nikaangalia kulia. Lilikuwepo. Doa jeupe, dogo, la mviringo, kati ya mbavu, karibu kabisa na pale alipotuonyesha. Nilipiga kelele peke yangu mpaka muuza viatu wa jirani akaja kuchungulia. Nikampigia dada nikamwambia aache kila kitu aje.

Alikuja na futi ya kitambaa ikiwa bado shingoni. Nilimkalisha mbele ya skrini, nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu, nikawa nasema mfululizo: kwamba alikuwa sahihi tangu mwanzo, kwamba madaktari nao wawe wanasikiliza watu, kwamba hakatwi mtu hapa. Nilimsimulia na habari ya N, nikaiga kidole cha Taratibu kinavyotembea, na hapo ndipo nilipokiri mia mbili zangu kwa sababu sasa zilikuwa za kuchekesha. Hakucheka. Alivaa miwani yake ya kutungia uzi akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Inaweza kukuzwa?" akauliza.

Nikaikuza.

"Hiki ni kifungo," akasema.

Nikamuuliza kifungo gani.

"Cha mfuko wa shati. Angalia, matundu manne. Nilijishonea shati la mtindo wao ili wanione najua kazi. Mfuko mmoja, kushoto, kifungo kimoja."

Niliangalia. Matundu yalikuwepo, manne, yamepangana kama yanavyopangana kwenye kifungo chochote duniani. Yalikuwepo na saa saba nilipopiga kelele. Nilikuwa nimetafuta doa, na macho yakaniletea doa.

Dada alivua miwani. Alikuwa anakumbuka, nilimwona akikumbuka, midomo inatembea kidogo.

"Alisema, kuna alama hapa, mama, vua shati turudie," akasema. "Nikavua, tukarudia. Miaka yote nimekumbuka alama. Shati nimelikumbuka leo." Kisha akasema, "Kuna ya pili?"

Nikamjibu kwamba ipo, ila huenda imeharibika, haitafunguka. Huo ulikuwa uongo. Ukubwa wa faili ulikuwa kamili na nilikuwa nimeuona.

"Ifungue."

Mkono wangu ulikaa juu ya kipanya na haukwenda. Hakunihimiza. Alikaa akiningojea kama alivyokuwa akiningoja nimalize kulia nilipokuwa mtoto, ndipo anipe kazi ya kufanya. Nikaifungua. Ilikuwa picha nzuri kuliko ya kwanza, imetulia, mbavu zimejipanga, moyo, mabega yote mawili. Pafu la kushoto lilikuwa jeusi kutoka juu mpaka chini, na hapakuwa na kitu ndani yake. Hata mimi nisiyejua kusoma picha za watu niliona kwamba hapakuwa na kitu.

Feni ilikuwa bado inaipepea ile diski. Nikainuka kuizima, kwa kukosa cha kufanya, nikashindwa kugeuka.

"Siku kumi na mbili," nikasema. "Jumatano ungekuwa umeshakatwa. Mimi ndiye niliyesema tusubiri."

"Mimi nilitaka kusubiri, mdogo wangu," dada akasema. "Wewe ulinipa sababu."

Hakulisema kwa hasira. Angenitukana ningejua pa kujishika. Alikohoa, safari hii bila kujizuia, akanyoosha mkono akisema nimpigie daktari sasa hivi, asije akaondoka kwenda nyumbani. Nikapiga. Ilipopokelewa aliichukua simu mkononi mwangu, na yeye ambaye humsalimia hata mdai wake, na watoto wake, na wageni wa watoto wake, hakusalimia.

"Daktari, picha tumeipata," akasema. "Halikuwepo. Nikate."

Nilisikia karatasi zikifunuliwa upande wa pili, akitafuta siku.